Mkwe Asiyejua Kusalimia

Mgonjwa aliyenifundisha moyo kuliko kitabu chochote hakuletwa kwangu kama mgonjwa. Alikuja amembebea mama mkwe wake kikapu. Mgonjwa alikuwa mama mkwe, magoti yalimsumbua, na katika kunieleza habari za magoti alipitia kwanza mvua, kisha pamba, kisha huyo mkwe aliyesimama na kikapu ambaye, kwa maneno yake, hajui kusalimia.

"Tukishauza pamba namrudisha kwao," akasema Mama Masanja. "Wazee wa ukoo nimekwisha kuwaita. Masanja atatafutiwa mwingine, mwenye adabu."

Msichana mwenyewe, Kabula, alikuwa anasikia yote. Alitazama kikapu. Mimba yake ilikuwa imeanza kuonekana, na kwao kulikuwa mbali, safari ya kutwa nzima kwa miguu.

Hapo niwaache kidogo hao wawili mlangoni, maana lazima nijieleze. Mimi ni Fabiani, Msumbwa wa Ushirombo, mganga msaidizi mstaafu. Nilianza kazi miaka ya sitini katika hospitali moja ya Shinyanga, nikaimalizia miaka ya themanini katika kituo cha afya upande wa Nyarugusu, kwenye dhahabu. Wagonjwa waliniita dakitari. Serikali haikuniita hivyo, hasa mwisho wa mwezi. Ninyi vijana mnaokuja kunitembelea na koti jeupe likiwa bado na mikunjo ya dukani huniuliza tulikuwa tunajuaje ugonjwa wa moyo bila mashine. Jibu ni kwamba mara nyingi hatukujua. Lakini zile mara tulizojua, tulijua kwa njia ambazo naona mmeanza kuzitupa, na ndiyo maana naandika.

Aliyenifunza ni Mzee Zakaria, mtu wa Mpwapwa, mrefu, mkavu, mwenye sauti ya mtu anayesoma tangazo la msiba. Stetoskopu yake aliifungia kwenye mtoto wa meza na ufunguo akauweka kwenye soksi. Ukimwomba, alikuuliza: "Umekwisha kumsalimia mgonjwa?" Ukisema ndiyo, alikuuliza watoto wa mgonjwa wanaitwa nani. Ukishindwa, ufunguo ulibaki kwenye soksi. Alisema chombo kile ni cha kuthibitisha ulichokwisha kukijua, si cha kutafutia usichokijua, na kwamba anayekwenda moja kwa moja kifuani ni kama mgeni anayeingia jikoni kabla ya kupiga hodi.

Mimi nilimwona mzee anachelewesha kazi. Siku aliyonipa chombo kwa mara ya kwanza, mgonjwa alikuwa kijana mmoja wa Maganzo, mchimbaji wa almasi, aliyekuja na kikohozi. Nikaingiza stetoskopu kwa juu ya kola, kama nilivyoona kwenye picha ya kitabu. Nikasikia moyo unadunda, na baada ya kila pigo, kitu kinagonga: tik. Nikafurahi kuliko inavyompasa mganga. Nikamwendea Mzee Zakaria na kumwambia nimepata valvu ya moyo inayogonga, tena waziwazi, hata yeye mwenye masikio ya kizee ataisikia.

Mzee akaja, akasikiliza, akatikisa kichwa. Akamwambia kijana, "Vua shati."

Kijana akasema anaona nafuu.

"Vua tu, mwanangu, tuione hiyo nafuu."

Kijana akasema kikohozi kimekwisha kabisa, akashukuru, akatoka kwa mwendo ambao mwenye ugonjwa wa moyo hawezi. Baadaye watu wa Maganzo walinieleza kwamba wachimbaji wengine hutundika kichupa kidogo shingoni, ndani ya shati, na humo ndani huwa mna vijiwe ambavyo wenyewe hawapendi viulizwe. Kile kichupa ndicho kilichokuwa valvu yangu. Mzee Zakaria hakunicheka. Alisema ni mara ya kwanza kumwona mganga aliyeponya moyo kwa kola. Tangu hapo shati hutoka kwanza, na ninyi nawaambieni hivyo hivyo.

Kitabu chetu kilitoka nchi za baridi na kilikuwa na maswali ya huko. Swali mojawapo lilikuwa: mgonjwa analala na mito mingapi? Ni swali zuri sana. Moyo unaposhindwa kusukuma damu, maji hujaa mapafuni, na mtu akilala chali anaona kama anazama, kwa hiyo anaongeza mto, na mwingine, mpaka analala ameketi. Tatizo ni kwamba niliwauliza swali hilo watu ambao hawakuwa na mto hata mmoja, wote wakanijibu "hakuna", na mimi nikaandika kwamba mioyo ya wilaya nzima ni mizima.

Mzee Zakaria akanifundisha kuuliza, "Unalalia nini?" Hapo ndipo majibu yalipokuja. Mmoja analalia gunia la pamba. Mwingine koti la marehemu kaka yake juu ya kinu kilicholazwa. Mwingine anaegemea ukuta kwa sababu ukuta haupungui. Tangu siku ile sikuuliza tena habari ya mito.

Na miguu je? Msisahau mishipa ya damu kwa sababu ya kupenda moyo. Kijijini kwetu kule Nyarugusu alikuwapo Mzee Bundala, aliyewahi kuwa karani wa pamba, mvutaji mkubwa wa tumbaku. Huyu ndiye mtu aliyesifiwa kwa adabu kuliko wote. Akitoka kwake kwenda dukani alisimama kila nyumba. Alisalimia, aliuliza wazima, aliuliza wagonjwa, aliuliza ng'ombe, kisha akaendelea hadi nyumba ya pili, akasimama tena. Kina mama walimtoa mfano kwa wanao.

Mimi siku moja nilitembea nyuma yake. Nikaona kwamba anasimama hata pasipokuwa na mtu. Kulikuwa na nyumba moja iliyohamwa tangu watu wapelekwe kwenye vijiji vya ujamaa, imebaki kuta tu, na Mzee Bundala akasimama pale, akaisalimia. Nikamwuliza kulikoni. Akatazama huku na huku, akasema, "Misuli ya shavu la mguu, bwana. Nikitembea inabana kama imefungwa kamba. Nikisimama kidogo inaachia. Sasa mtu mzima utasimama njiani bila sababu?"

Nikamkalisha, nikatafuta pigo la damu juu ya unyayo, pale kati ya kidole gumba na cha pili ukipandisha juu kidogo. Mguu mmoja pigo lipo, mwingine hakuna kitu. Mshipa ulikuwa umeziba kwa tumbaku na umri. Nikamwambia aache kuvuta na atembee kila siku mpaka maumivu yaje, apumzike, atembee tena. Alinitii, jambo ambalo hutokea. Mguu ukapata nafuu, akawa anaweza kufika dukani moja kwa moja bila kusimama, na kijiji kizima kikasema Mzee Bundala siku hizi ana majivuno.

Nawasimulia hilo ili mjue kwamba sikuwa mgeni wa mambo haya siku Mama Masanja alipoketi mbele yangu na magoti yake. Nilikuwa nimekwisha kujua kwamba mtu anaweza kusifiwa kwa ugonjwa. Sikuwa bado nimeona mtu anayehukumiwa kwa ugonjwa.

Sasa turudi mlangoni. Kwa ninyi mliokulia mijini, nieleze kidogo. Salamu ya Kisukuma haimezwi kama kidonge. Mwanamke hupiga magoti, husema "mwangaluka" ikiwa ni asubuhi, huitikiwa, humtaja anayemsalimia kwa jina la baba yake, huuliza nyumba, watoto, mifugo, mvua ya upande ule, na huulizwa naye hayo hayo mpaka pande zote mbili ziwe zimesema mhola, yaani salama. Ndipo huinuka. Mkwe katika boma kubwa huamka asubuhi na kufanya hivyo kwa baba mkwe, kwa mama mkwe, kwa shangazi, na kwa kila mgeni aliyelala pale. Ni kazi, ila haihesabiwi kuwa kazi. Huhesabiwa kuwa malezi.

Kabula alipoingia alikuwa amepiga magoti pale mlangoni, akasema "mwangaluka", nami nikaitikia. Akavuta pumzi. Akasema, "nyumbani..." akavuta tena. Kisha akaacha hapo hapo, akashika mwimo wa mlango kwa mkono, akajivuta, akainuka.

"Umeona?" akasema Mama Masanja. "Anaitupa salamu kama maganda ya karanga. Hata mbele ya serikali."

Mimi nilikuwa naangalia ule mkono kwenye mwimo. Na mabawa ya pua yake yalikuwa yanacheza. Nikamwambia, kwa sauti ya Mzee Zakaria, "Binti, rudia salamu."

Akarudia. Alifika pale pale, akaishia.

"Rudia tena, polepole."

Mama Masanja alifurahi sana. Aliniambia kwamba tangu Uhuru hajawahi kuona ofisi inayofundisha adabu, na kwamba magoti yanaweza kusubiri. Mara ya tatu Kabula alipoinuka midomo ilikuwa imebadilika rangi, na nikamwambia aketi kwenye kiti changu. Hapo furaha ya Mama Masanja ikapungua, kwa sababu yeye nilikuwa nimempa benchi.

Nikamwuliza Kabula analalia nini. Mama mkwe akamjibia: "Huyo? Analala ameketi, ameegemea ghala la mtama, macho yako wazi kama mtu anayelinda kitu. Watu wameanza kusema, Dakitari. Mimi sisemi, lakini watu wanasema."

Wale mnaojua maeneo yale mnajua ni maneno gani ya uchawi watu huanza kusema juu ya mwanamke asiyelala usiku. Sikupenda kuyasikia. Nikamwambia Mama Masanja atoke nje kidogo, nikafukuza na kuku aliyekuwa chini ya meza, maana kwa kazi iliyofuata nilihitaji kimya.

Sikilizeni namna ya kufanya. Kwanza nilibonyeza ugoko kwa kidole gumba na kukiacha hapo. Nilipokiondoa, shimo lilibaki. Nikamkalisha ameegemea nusu, nikatazama mishipa ya shingo, imejaa, inacheza. Mapigo ya mkononi yalikuwa madogo na ya haraka. Nikaweka kiganja chini ya ziwa la kushoto na kusubiri, nikasikia kwa ngozi mtetemo mdogo, kama paka anayekoroma ndani ya gunia. Ndipo nikachukua stetoskopu. Nikamlaza kwa ubavu wa kushoto, kwa muda mfupi tu maana hakuweza zaidi, nikafumba macho. Ukimsikiliza amelala chali utaikosa. Sauti ile ni ya chini sana, ni mngurumo wa lori la pamba linalopita barabara ya mbali wakati wewe uko shambani: hujui kama umelisikia au umelikumbuka. Mimi nililisikia.

Ilikuwa valvu iliyosinyaa. Mtoto huumwa koo, likapona, likasahauliwa. Baadaye kidogo viungo vinavimba na homa, goti leo, kifundo kesho, navyo vinapona. Lakini homa ile imekwisha kuugusa moyo, na mlango mmoja wa ndani unaanza kushikana, mwaka hadi mwaka, mpaka damu inapita kwenye upenyo. Msichana anaishi hivyo hivyo bila kujua. Kisha anaolewa, anapata mimba, damu inaongezeka mwilini, na upenyo ni ule ule.

Nikamwuliza kama amewahi kutema damu. Akasema ndiyo, mwaka wa nyuma, na katika zahanati moja ambayo sitaitaja walimchoma sindano za kifua kikuu. Siwalaumu. Mume mchimbaji, mke anatema damu, hata mimi mkono ungekwenda kwenye dawa hiyo hiyo. Sindano hazikusaidia, na kule nyumbani ikasemwa kwamba huyu hata dawa zimemkataa.

"Kwa nini hukuwaambia kwamba unaishiwa pumzi?" nikamwuliza.

Kabula akangoja kidogo, akakusanya pumzi. "Nikisema pumzi, baba, watasema mvivu. Mvivu anarudishwa siku hiyo hiyo." Akapumzika. "Mwenye kiburi anangojewa mpaka pamba iuzwe."

Nimekuwa na wagonjwa waliosoma sana, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunieleza hali yake kwa ufupi namna ile. Nilikasirika, nawaambieni kweli, na sikujua nimkasirikie nani.

Nikamwita Mama Masanja. Nikamweleza kwa maneno yote niliyokuwa nayo: moyo, mlango wa moyo, damu, mapafu. Akanisikiliza kwa heshima, kisha akasema, "Moyo wake ni mgumu, hilo nalijua." Nikaeleza tena. Akasema nao wakwe wengine wana mioyo na wanasalimia.

Nyuma ya kituo palikuwa na mpapai. Nikatoka, nikakata kikonyo cha jani changa, kile chembamba chenye tundu ambacho watoto hupulizia, nikakiosha utomvu, nikakata ncha zote mbili. Nikarudi nikampa Mama Masanja.

"Hii ni dawa ya magoti?"

"Ni kipimo. Weka mdomoni, ubane midomo. Mkono mwingine ubane pua. Pumzi yote ipitie humo. Sasa piga magoti unisalimie, salamu nzima, na kila ukitaka kusema neno, toa kidogo, sema, urudishe."

Mama Masanja alikuwa mwanamke wa adabu, na serikali imemwomba salamu. Akapiga magoti, magoti yale yale yaliyomleta. "Mwangaluka," akasema, akarudisha kikonyo. Nikaitikia, polepole. Akauliza nyumba. Nikamjibu kwa kirefu, nyumba yetu Ushirombo ni kubwa. Akauliza watoto. Nikaanza na wa kwanza. Macho yakaanza kumtoka. Alipofika kwenye ng'ombe nikamwambia, "Sasa inuka, uchote maji kwenye ile ndoo, urudi upige magoti, maana baba mkwe naye yuko hapa anangoja."

Aliinuka nusu. Akashika mwimo wa mlango. Akang'oa kile kikonyo mdomoni na kukitupa chini.

"Yaya, sitaki! Dakitari, unataka kuniua?"

"Wewe umekitoa," nikamwambia. "Yeye hana pa kukitolea."

Mama Masanja akabaki ameshika mwimo, anahema. Akatazama mkono wake mwenyewe pale alipoushika. Akamtazama Kabula kwenye kiti changu. Kisha akainama, akaokota kile kikonyo, akakifuta kwa khanga, akakitia ndani ya kikapu. Kikapu akakibeba mwenyewe.

Kilichotokea kwenye kikao cha wazee alinisimulia Masanja, mumewe Kabula, aliyerudi kutoka machimbo kwa ajili hiyo. Wazee walikaa, wakasomewa makosa ya mkwe, na mlalamikaji alipopewa nafasi akasema kwamba kabla ya maneno mengine anaomba kila mzee abane pua. Akawagawia vikonyo vya mpapai; alikuwa amekata fungu zima. Wazee wale walikuwa na umri, na baadhi walikuwa wavutaji. Akawaambia wasalimiane. Masanja anasema walifika kwenye mvua, na mmoja hakufika. Kesi ikaahirishwa kwa kukosa pumzi, na haikuitwa tena.

Nilimpeleka Kabula Mwanza kwa barua na kwa lori. Daktari wa kule alimpiga picha ya kifua, akakubaliana nami, akaongeza mengine ambayo sikuyajua, nami nikayaandika. Alipewa dawa ya kuutuliza moyo na dawa ya kukojoza, akakatazwa chumvi, maji ya kichwani na kinu. Alijifungua huko huko Mwanza, ameketishwa, hakulazwa chali, na mtoto akalia vizuri. Wakamwita Limi, yaani jua, kwa sababu alizaliwa jua likiwa juu. Madaktari wakamwambia asizae tena, na Masanja akakubali, jambo ambalo kwa miaka ile na kwa ukoo ule nalihesabu kuwa ushujaa.

Ilibaki sindano ya penisilini kila mwezi, ili koo lisimrudie. Sindano ile inauma, na wagonjwa wengi huikimbia. Kabula hakupata nafasi ya kukimbia. Mama Masanja alimleta kila mwezi juu ya baiskeli ya Masanja, yeye akitembea kando ameshikilia usukani, na kama dawa haikuwapo alikaa kwenye benchi na kusema atangoja. Siku moja alingoja mpaka mkuu wangu akaenda kuazima dawa kituo kingine kwa ajili ya kuondokana na macho yake.

Na nyumbani kwake akaweka sheria. Kabula hapigi magoti. Anakaa kwenye kigoda, na anayetaka salamu yake aje akae chini mbele yake. Nilifika pale siku moja nikamkuta baba mkwe, mzee mwenye fimbo na heshima zake, ameketi kwenye mkeka, anangoja. Kabula alisema neno, akapumzika, akasema jingine. Mzee aliitikia kila moja na kungoja linalofuata. Salamu ile ilichukua muda wa kuchemsha maji, na hakuna aliyeikatiza.

Niwaambie pia yale mengine, maana ninyi si watoto. Miaka ya themanini ilikuwa migumu. Dawa zilikuja na hazikuja. Hata mashine yangu ya presha ilikufa kwa njia ya kwetu: ilikuwa ile ya zebaki, na mchimbaji mmoja ambaye sikumjua aliingia akaimimina zebaki yote kwenye chupa ya soda akaenda kukamatia dhahabu. Kwa muda mrefu baada ya hapo kituo kizima hakikuwa na mtu mwenye presha. Tulipima kwa vidole. Lakini upenyo wa moyo wa Kabula haukungoja vifaa. Upasuaji wa kuufungua ulikuwapo duniani, ila haukuwapo kwa watu wetu. Alifariki Limi akiwa ameanza shule, ameketi, ameegemea lile lile ghala la mtama, mkono wake mkononi mwa Mama Masanja. Nilikwenda mazikoni, nikalia mbele ya wagonjwa wangu. Nasikia mnafundishwa msilie. Mimi sikufundishwa hivyo, au somo hilo sikuhudhuria.

Baada ya hapo Mama Masanja aliniletea Limi kila aliposema koo linauma. Akikohoa, waliletwa wote wawili, yeye na kikohozi. Nilimwambia si kila koo lina hatari. Akasema, "Lile la mama yake nani alilitazama?" Nikatazama koo.

Mwisho ninaotaka kuwaeleza ni wa siku moja ya karibu na kustaafu kwangu. Mama Masanja alikuja akiwa ameshikwa mkono, macho yake yalikuwa yamefifia. Aliyemshika mkono alikuwa Limi, msichana mrefu, kikapu kichwani. Bibi akaketi kwenye benchi, akainamisha sikio kuelekea mlangoni. Sikuona mgonjwa. Nikauliza nani anaumwa.

"Hakuna anayeumwa," akasema. "Limi, msalimie Dakitari."

Limi akatua kikapu, akapiga magoti pale pale alipopiga mama yake. Akasema mwangaluka. Akanitaja kwa jina la baba yangu. Akauliza nyumba, akauliza watoto, wa kwanza hadi wa mwisho kwa majina, akauliza magoti ya mke wangu, akauliza mvua ya Ushirombo, mifugo, mihogo, akafika mwisho wa salamu na kuongeza kipande ambacho nilikuwa sijakisikia tangu bibi yangu afe. Hakupumzika hata mahali pamoja. Kisha akainuka, wima, mikono iko wazi.

"Umesikia, Dakitari?" akauliza Mama Masanja.

"Nimesikia, mayu, mama yangu."

"Mimi sioni vizuri. Niambie. Ameshika mlango?"

Nilikuwa nimesimama bila kujua, na aliyeshika mwimo wa mlango nilikuwa mimi.

"Hajashika," nikasema.